Deraya Iliyopata Mwenyewe

Kifua cha deraya kilikuwa na joto kwa ndani.

Fundi alikuwa amekivua kwenye sanamu ya kushonea asubuhi ile ili akipunguze kidogo kwapani, na mkono wake ulipoingia ndani akausimamisha. Halikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa bado halijafika upande wa dirisha la chumba chake cha kazi. Halikuwa la drayer ya nywele aliyokuwa akilainishia sponji, maana drayer ilikuwa imelala kabatini tangu jana, waya umeviringwa. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Kila mshonaji analijua: mteja anavua gauni nyuma ya pazia, anakupa mkononi, nalo bado lina mwili wake.

Akajiambia sponji ni sponji, hushika joto kama mkate. Akachukua kisu, akaendelea na kazi.

Vazi lile lilikuwa la mumewe. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majengo, na mtaani walimwita Kinyonga, kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani na rangi aliyoondoka nayo. Alikuwa mrefu kama mlingoti na mpole kupita kiasi. Kwenye foleni aliwapisha watu mpaka akawa wa mwisho. Akijikwaa kwenye kiti, alikiomba radhi kiti. Mwisho wa juma aliigiza na kundi dogo lililozunguka shule za msingi kuwachezea watoto michezo ya jukwaani, na kwa miaka yote aliyokuwa nao alikuwa ameigiza mti, ukuta, na miguu ya nyuma ya farasi. Mama yake, aliyeishi nao na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alipenda kusema kwamba mwanawe ni msanii mkubwa, ila bado hajaonyeshwa kwa upande wa mbele.

Sasa aliyekuwa akiigiza shujaa alihamia mji mwingine, na kiongozi wa kundi akamtazama Kinyonga toka chini mpaka juu, akasema urefu ule usipotee bure. Akapewa kuwa Jemedari Radi, shujaa mwenye deraya ya chuma anayewaokoa wanyonge. Jioni hiyo alishindwa kula kwa furaha na hofu. Mkewe akamwambia kama ni chuma kinachotakiwa, basi atamshonea chuma.

Chuma chenyewe kilikuwa sponji. Wakati ule Kinyonga alikuwa akipaka rangi zahanati ya zamani iliyokuwa imefungwa kwa miaka na sasa ilikuwa ikikarabatiwa. Chumba chake cha nyuma, ambamo watu waliovunjika walikuwa wakinyooshwa viungo, kilikuwa kimetandikwa mikeka minene ya sponji ngumu, na mkandarasi aliagiza itupwe. Mlinzi wa pale alimwambia Kinyonga kwamba chumba kile hata wezi walikipita. Waling'oa mabomba, waling'oa swichi, mikeka hawakuigusa, kwa sababu ukisimama mlangoni ulisikia pumzi za mtu aliyelala. Kinyonga alicheka kwa adabu, akaifunga mikeka kwa kamba, akaibeba. Nyumbani alisema tu kwamba ameokota sponji nzuri.

Mkewe alimsimamisha katikati ya chumba cha kazi, akamzungushia nailoni mwili mzima, akaikaza kwa utepe wa gundi mpaka mume akafanana na mzigo unaongoja lori. Akachora juu yake mistari ya kukatia, kisha akalichana ganda lile mgongoni ili atoke. Ganda ndilo lililokuwa kielelezo. Alilikata vipande, akavilaza juu ya sponji, akafuatisha kwa kisu. Alianza na kifua, akamalizia na kofia ya kufunika uso. Kila kipande alikilainisha kwa drayer, akakikunja gotini mpaka kikashika umbo, akakipaka gundi ukingoni, akakiunga na mwenzake. Kinyonga alipaka nyeusi kwanza, kisha akadonoa rangi ya fedha kwa kitambaa, na ikawa kila aliyeitazama alitaka kuigonga asikie italiaje. Mama mkwe alilalamika tu kwamba harufu ya gundi inamletea njozi mchana.

Baada ya lile joto, vitu vidogo vidogo vikaanza kumsumbua fundi. Akiwa jikoni alisikia sponji ikisuguana na sponji kule chumba cha kazi, mlio wa kukwaruza kama wa viatu vipya, mara moja, kisha kimya, kama mtu aliyebadilisha mguu baada ya kusimama sana. Akienda kutazama, sanamu ilikuwa palepale na deraya yake. Harufu ya gundi nayo ilikuwa imeisha, na mahali pake pameingia harufu nyingine, ya dawa ya kuchulia viungo na jasho la zamani. Alifungua madirisha yote mawili. Upepo uliingia ukaizunguka, na harufu ikabaki.

Kisha mikono ya deraya ikarefuka. Kinyonga alipoijaribu ilimzidi kwa upana wa kiganja, ilhali ilikuwa imekatwa juu ya mwili wake mwenyewe. Fundi akaikata. Alipoijaribu tena ilikuwa imezidi vilevile. Alimwambia mumewe kwamba ameona nguo zinazopungua zikifuliwa, lakini inayokua hajaiona. Mume akasema labda yeye ndiye anayepungua kwa wasiwasi. Wakacheka, lakini fundi alicheka huku anaitazama ile mikono.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alianza vazi la mteja akaliacha, akashika jingine, akainuka, akazunguka nyumba, akarudi. Sindano ilimchoma zaidi ya kawaida. Akikaa kuipa deraya mgongo alihisi anaangaliwa. Akikaa kuielekea, alihisi ni yeye anayemkodolea mtu macho.

Alasiri moja alitoka kwenda kutafuta bizimu za kufungia vikinga-miguu. Aliporudi alimsikia mama mkwe sebuleni akizungumza kwa utulivu, sauti ya mtu aliyepata msikilizaji. Alipoingia akamkuta bibi kwenye kiti chake, na kwenye kiti cha pili, karibu na dirisha, amekaa Jemedari Radi, deraya kamili, kofia usoni, mikono juu ya magoti.

Mama mkwe akalalamika kwamba mwanawe amekaa hapo tangu amalize chakula cha mchana, hasemi neno, anaitikia kwa kichwa tu kama mjusi. Fundi akafurahi kwamba mumewe amewahi kurudi na kwamba angalau anajizoeza. Akamtania kwamba jemedari hakai kwenye makochi ya watu na buti. Akapiga magoti mbele yake ajaribu zile bizimu.

Mguu ukanyanyuka kidogo kumrahisishia, kama wateja wanavyofanya. Akapitisha mkanda, akaubana, akauliza kama unakaza, na kofia ikaitikia polepole. Alifunga mguu wa pili huku anamweleza mambo ya nyumbani, kwamba bomba la nje linavuja tena, kwamba mama hakumaliza dawa yake, na mkono mmoja ukashuka toka gotini ukatulia juu ya bega lake, mzito, wenye joto, na hilo nalo halikumshtua, kwa kuwa alikuwa mke na yule alikuwa mumewe, akaendelea kusema na kubana mikanda mpaka lango likalia, miguu ikasikika barazani, kikafuata kikohozi anachokijua kuliko chake mwenyewe, na Kinyonga akasimama mlangoni na rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi, akasalimia, akauliza kwa nini wamelivalisha kochi.

Fundi hakuinua kichwa. Aliutazama mkono ule begani kwake, wa sponji, wa rangi ya fedha iliyodonolewa kwa kitambaa, akausikia ukiondoka taratibu kurudi gotini. Ndipo akatazama juu. Kwenye matundu ya macho hakukuwa na kitu, giza tupu. Lakini kifua kilikuwa kimepanda na hakikushuka. Kilikuwa kimebana pumzi, kama mtoto anayecheza kujificha na anajua mtafutaji yuko karibu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "inuka polepole uje kwangu."

Jioni ile walikaa uani, mlango wa sebule umefungwa. Fundi alitaka deraya ichomwe saa ileile. Hapo ndipo Kinyonga alipomweleza habari za ile zahanati na maneno ya mlinzi, macho chini. Alikiri kwamba anaogopa. Kisha akamwambia kwamba mchezo ni kesho asubuhi, shule imeshawaambia watoto, na yeye tangu azaliwe hajawahi kutazamwa na watu wakiwa wamefurahi kumwona.

"Mara moja tu," alisema. "Niwe mtu mara moja tu, kisha uichome."

Fundi alimjua mumewe. Alijua ni mara ngapi katika ndoa yao amewahi kuomba kitu kwa ajili yake mwenyewe. Akakubali, na alipokuwa anakubali roho ilikuwa inamsuta.

Mchezo ulifanyika kwenye uwanja wa shule, jua limewaka. Fundi alisimama nyuma ya pazia na sindano na uzi. Alimvalisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na mikono safari hii ilimkaa sawasawa. Alipoishusha kofia, Kinyonga alimkonyeza. Kisha akatoka, na kwa hatua ya kwanza tu mkewe alijua kwamba mwendo ule si wake. Kinyonga alitembea kama anayeomba njia. Huyu alitembea kama aliyelala muda mrefu na sasa ananyoosha viungo kimoja kimoja, akivifurahia.

Sauti yake ilifika mpaka barabarani. Watoto walipiga kelele za furaha, walimu wakaacha kuzungumza, kiongozi wa kundi akashika kichwa kwa mikono miwili asiamini bahati yake. Ikafika sehemu ambapo Jemedari Radi anamnyanyua zimwi, ambalo lilikuwa dereva mmoja mnene aliyevaa pembe, na kumweka chini akiwa ameshindwa. Kwa kawaida dereva yule ndiye aliyekuwa anaruka ili ionekane amenyanyuliwa. Safari hii hakuwahi kuruka. Alishikwa kifuani kwa mkono mmoja akapanda juu, na watoto wakacheka, na akabaki juu, miguu ikipiga hewani, pembe moja ikadondoka, na watoto wa mbele wakaanza kunyamaza, kisha wa nyuma yao, kimya kikaenda kikipanda safu kwa safu mpaka uwanja mzima ukawa unasikiliza dereva anavyotafuta pumzi.

Fundi alitoka nyuma ya pazia. Aliushika ule mkono wa pili ulioning'inia, akaubana.

"Mweke chini," alisema. "Mweke tu, taratibu."

Kofia ikamgeukia. Ilimtazama muda wa kutosha kumtambua. Kisha dereva akashushwa, akaangukia magoti yake akikohoa, na Jemedari Radi akashuka jukwaani, akapita katikati ya watoto, akatoka langoni. Fundi alimfuata mbio mitaa yote. Watu walimpigia makofi yule shujaa njiani. Aliingia nyumbani, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaweka mikono juu ya magoti.

Fundi alizivamia bizimu. Hazikufunguka; mikanda ilikuwa imeingia ndani ya sponji kama pete kwenye kidole kilichovimba. Akatafuta kwa kucha mahali kofia inapoachana na shingo. Alizunguka shingo yote asipate mwanya.

Ndipo sauti ya Kinyonga ikatoka ndani, ile yake halisi, ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye mwisho wa ukumbi mrefu.

"Mke wangu, humu ndani tuko wawili."

Mama mkwe ndiye aliyetuma watu wakamwite mganga, mama mmoja mnene aliyewahi kuwa mkunga, ambaye mji mzima ulimwita Taratibu kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Alikuja na kitambaa cha kujifuta jasho, basi. Hakuleta kibuyu wala mkoba. Alivuta kigoda akakaa mbele ya deraya, akanusa, akaiamkia kwa heshima, kisha akauliza sponji ilitoka wapi. Fundi akamweleza yote, chumba cha nyuma, wezi, pumzi za aliyelala. Taratibu alijifuta jasho.

"Mlikata kitanda cha mtu naye yumo usingizini," alisema, "mkamshonea mwili. Mimi nikimtoa kwa nguvu, atauliza ni nani aliyemwamsha, na atakuwa na haki."

Akaeleza la kufanya. Asishike mtu kisu, maana popote kitakapopita kisu, mume naye atakatika. Aliyeunga ndiye afungue, kwa mikono ileile na moto uleule, aanze na kipande cha mwisho, amalize na cha kwanza. Na asichukue kipande bila kuomba. Yeye mwenyewe alisogea pembeni, akamshika mama mkwe mkono.

Fundi akachomeka drayer ukutani. Alianza na kofia. Aliiambia kwa sauti ya mshonaji anayezungumza na mteja mgumu kwamba anaomba kofia yake, alimwazima tu. Akapuliza hewa ya moto ukingoni mwa shingo, akangoja, akapuliza. Gundi ikaanza kulainika. Ilipoachia, uso wa Kinyonga ukatokea chini yake, umelowa, macho wazi, lakini midomo iliyosema haikuwa inafuatana na sauti iliyotoka.

"Sikuwa na kichwa," ilisema. "Sasa nimekizoea."

"Najua," fundi akajibu. Akaiweka kofia chini, akaendelea.

Aliomba viganja, akapewa. Aliomba miguu, mmoja ukakataa, akaubembeleza mpaka jua likahama dirisha. Aliomba bega la kushoto na la kulia, na kila alipobandua kipande mumewe alilia kwa meno yaliyoumana, na ngozi iliyokuwa chini ilikuwa imepauka na ina mistari mahali pa kila kiungo, na harufu ya dawa ya kuchulia ikajaa chumba mpaka mama mkwe akaziba pua kwa kanga, na vidole vya fundi vikaungua na drayer asisikie, na mwisho pakabaki kifua peke yake, kikipanda na kushuka kwa pumzi mbili ambazo hazikwenda pamoja.

Akakiomba. Hakupewa.

"Kule sakafuni kulikuwa na baridi," sauti ikasema kwa mdomo wa mumewe. "Hapa kuna moyo. Unagonga, sijihisi peke yangu."

Fundi akamtazama Taratibu. Taratibu akatikisa kichwa. Hilo halikuwa la kusaidiwa. Basi fundi akaisogelea deraya mpaka paji lake likakaribia la mumewe, akasema kwa kunong'ona kwamba mikono hii iliyomwamsha ndiyo itakayomtandikia upya, itavinyoosha vipande vyote, itaviunga, itampeleka palepale alipotoka, na hakuna mtu atakayemgusa tena. Lakini huyu hawezi kumpa.

"Huyu ni wangu," alisema.

Pumzi mbili zikapanda, zikashuka.

"Kidogo tu," sauti ikaomba. "Niachie kidogo tu."

Fundi alikuwa amechoka. Vidole vilikuwa malengelenge matupu, mumewe alikuwa anamponyoka mbele ya macho yake. Akasema, "Haya," kama unavyomwambia mtoto haya ili aachie shati lako uondoke. Taratibu alifumba macho aliposikia neno lile. Kifua kikaachia chenyewe, bila moto, kikaanguka mapajani kwa Kinyonga, sponji nyepesi isiyo na uzito wa paka.

Alitimiza ahadi. Alivilainisha vipande vyote, akavinyoosha chini ya vitabu na pasi, akaviunga mpaka vikawa mikeka tena, yenye rangi ya fedha upande mmoja. Yeye na Taratibu waliipeleka zahanati. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshawekwa vigae, lakini mlinzi aliwaonyesha stoo chini ya ngazi, wakaitandika humo. Walipofika langoni mlinzi aliwakimbilia kuwaambia kwamba yule wa mikekani amelala tayari. Hawakurudi kusikiliza.

Kinyonga aliugua kidogo, kisha akapona. Alirudi kwenye ndoo zake za rangi. Kundi lilimtafutia nafasi nyingine, akaikubali, safari hii akiwa mfalme mwenye joho la kitambaa, na akaigiza vizuri. Hakuwapisha tena watu kwenye foleni. Bosi wake alipomkemea kwa kosa la mwingine, alimjibu, na bosi akanywea. Mama yake alisema hatimaye mwanawe amegeuzwa akaonekana kwa mbele. Ile mistari ya ngozini ilififia wiki kwa wiki, begani, mkononi, kifuani, na Taratibu alipopita kumtazama alisema itakwisha yote, ila alisema hivyo bila kumtazama fundi usoni.

Siku moja asubuhi walikuwa wanajiandaa kwenda harusini kwa ndugu, na Kinyonga ameketi kitandani mkewe amnyoe nywele za shingoni. Wembe ulipita vizuri mpaka chini ya kisogo, hapo ukakwama. Fundi akapangusa povu. Kulikuwa na mstari mmoja ambao haukufifia, mfupi kama ukucha, na pembe yake ilikuwa imenyanyuka, nyembamba, safi, kama pembe ya kipande kilichokosa gundi. Chini yake hapakuwa na damu wala nyama. Palikuwa na giza.

Kidole chake kilikuwa kimeshaugusa ukingo.

"Usibandue," mumewe akasema bila kugeuka, kwa upole.

Fundi hakuuliza ni nani aliyesema. Barazani mama mkwe alikuwa anawahimiza kwamba watachelewa. Aliweka wembe chini, akaikandamiza ile pembe kwa dole gumba, akaishikilia mpaka ikashika, kisha akamwinulia kola ya shati, akamfungia kifungo cha juu.